Kabati Lisilopungua

Ipo nchi, na msiulize mpaka wake unaanzia wapi, maana aliyewahi kufika hahitaji kuelekezwa, na ambaye hajafika amebahatika, amshukuru Mungu wake anyamaze. Serikali ya nchi hiyo inawapenda watu wake kupita kiasi. Wakizaliwa inawapa namba. Wakienda shule inawapa mtihani. Wakioa inawapa fomu. Siku moja ikagundua, kwa mshtuko mkubwa, kwamba wananchi walikuwa wakifa bila usimamizi wowote: huyu kafia jikoni, yule kitandani kwake tu, kama kwamba nchi haina wizara. Basi ikaundwa Idara ya Ubora wa Mwisho, ikajengewa ghorofa saba na kutiwa lifti inayopanda tu. Kushuka, kila mtu na miguu yake.

Kazi ya Idara hiyo ilikuwa kuzipa nyota nyumba za shufaa. Nyumba ya shufaa ni mahali anapopelekwa mgonjwa ambaye daktari ameshamwambia ukweli. Hapelekwi kuponywa. Anapelekwa asiumie. Aoshwe, ageuzwe, apewe dawa ya kutuliza maumivu, akipiga kelele mtu aje, na siku yake ikifika aondoke kama binadamu. Ndivyo lilivyosema bango la Idara, na bango lenyewe lilikuwa zuri, limechorwa na mgeni.

Kidawa binti Sefu alilisoma bango hilo mara mbili, kisha akapanda ghorofa ya nne. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mpishi wa shule aliyestaafu. Miaka thelathini alisonga ugali wa watoto mia nne kila siku ya Mungu, na mikono yake ilikuwa bado ina misuli ya mwiko. Kaka yake, Mbaraka, aliyekuwa mpiga bendera wa reli, alikuwa amelala nyumbani na saratani iliyokwisha kuingia kwenye uti wa mgongo. Daktari wa hospitali alisema wiki chache. Kidawa hakuja kubishana na wiki. Alikuja kuuliza nyumba ipi ni nzuri.

Karani, kijana wa umri wa wajukuu zake, alinyamaza akisubiri aamkiwe. Kidawa naye akanyamaza. Wakatazamana mpaka karani akakohoa.

"Sema, mama."

"Nataka kujua nyumba nzuri ya shufaa ni ipi."

"Zote ni nzuri. Zinatofautiana nyota."

"Na nyota zinahesabu nini?"

Karani akavuta kitabu kinene, akalamba kidole. "Mapazia, urefu wake. Bendera. Picha za viongozi, ziwe zimenyooka. Ukimya wa wodi. Kabati la dawa, lijae wakati wote."

"Mgonjwa akiita, nesi anafika baada ya muda gani?"

Karani akafunua kurasa mbele, akafunua nyuma. "Hicho si kigezo."

"Maumivu yakimzidi siku ya Jumapili, kuna daktari wa kupigiwa simu?"

"Ah, kigezo cha simu kipo! Iwepo, na iwe mahali pa wazi."

"Iwe inafanya kazi?"

"Isiwe na vumbi."

"Mwanangu," Kidawa akasema, sasa ameegemea meza kwa viganja vyote viwili, "nani anamuuliza mgonjwa kama anaumia?"

Karani akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Mama, mgonjwa haulizwi. Ana upendeleo. Mgonjwa anajifikiria yeye mwenyewe tu."

Akampa kijitabu. Ukurasa wa kwanza, kwa wino wa dhahabu: NYUMBA YA KITULIZO, NYOTA TANO.

*

Kitulizo ilikuwa imejengwa juu ya kilima, nyeupe pe, mapazia yake yanagusa sakafu na kubaki mengine. Mkurugenzi, Bwana Zakaria Mtimbwa, alimpokea Kidawa mlangoni mwenyewe. Alikuwa mtu mlaini, mlaini hata mkono wake ulipokushika ulitaka kwenda kunawa. Hakumpeleka wodini. Alimpeleka ukumbini mbele ya kabati la kioo, refu kama mlango wa msikiti, lenye taa ndani inayowaka mchana kutwa.

"Sitini," alisema, sauti imeshuka kama yuko ibadani. "Chupa sitini za mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Zihesabu, mama. Tangu nyumba hii ifunguliwe, haijapungua hata moja."

Kidawa akazihesabu. Zilikuwa sitini, zimepangwa kwa kimo, lakiri nyekundu juu ya kila kifuniko. Na hapa tumseme ukweli ingawa tunampenda: alifurahi. Alisimama mbele ya kile kioo akajiona ameokota dodo. Nyumba yenye dawa tele namna hii, aliwaza, kaka yangu atakosaje tone? Akatia sahihi palepale.

Siku ya tatu alikuwa ameshafahamu.

Mbaraka alilala kitanda cha dirishani, taulo imekunjwa mdomoni. Aliitoa alipomwona dada yake.

"Kidawa, umenileta hoteli. Umeliona pazia? Nikifa nizikwe nalo, msinunue sanda."

"Umepewa dawa?"

"Nimepewa ushauri. Alikuja bwana mmoja wa miwani, akaniambia maumivu ni mtazamo. Nikamwambia alale hapa basi tubadilishane mtazamo. Akasema ana kikao."

Alitaka kucheka, kicheko kikagonga mgongo, akaitafuta taulo kwa mkono kama kipofu. Kidawa alimwekea mdomoni. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka shuka limeshika mwili. Miaka thelathini na nne mtu huyu alisimama kwenye njia panda ya reli, mvua na jua, treni zinapita mita moja na pua yake, hakuwahi kurudi nyuma hatua. Sasa alikuwa akiuma kitambaa.

Mkono wa maumivu ulipomlegeza kidogo, alisema polepole: "Sikiliza, mdogo wangu. Kupona sitaki, tulishaongea na Mungu, tukaelewana. Nataka adhuhuri moja tu. Nilale kama mtu, siyo hivi ninavyozimia zimia. Niamke, nikutukane kidogo, halafu niende zangu. Ni kubwa hilo?"

"Si kubwa."

"Basi katafute."

Alimtafuta nesi. Alikuwa mmoja tu wodi nzima, anaitwa Tumsifu, msichana mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi miaka miwili. Kidawa akamwomba kadi ya Mbaraka. Daktari wa hospitali alikuwa ameandika vizuri kabisa, kwa hati inayosomeka, jambo la ajabu peke yake: mofini, kijiko kidogo kimoja, kila baada ya saa nne. Na juu ya maandishi hayo, kwa wino mwekundu, muhuri wa nyumba: BAADA YA UKAGUZI.

"Ukaguzi lini?"

"Wiki ijayo, shangazi. Lakini ukiisha huo kuna mwingine." Nesi alikuwa anasema bila kuinua uso. "Chupa ikifunguliwa, lakiri inakatika. Lakiri ikikatika, kabati halijajaa. Nusu nyota inaanguka. Mwaka juzi mwenzangu alifungua moja, mama mmoja alikuwa analia sana. Wakamhamisha. Sasa anapima mvua jangwani."

"Sasa mnawapa nini?"

"Tunawapa moyo."

"Wa kunywa?"

Upande wa pili wa wodi mtu alianza kuugua kwa sauti, na palepale redio ya ukutani ikaongezwa, kwaya ikapanda. Kigezo cha ukimya, si mnakumbuka. Kikaratasi cha Idara kilisema sauti ya mgonjwa isisikike. Redio hakikuitaja.

*

Siku mbili kabla ya ukaguzi walianza kupaka rangi. Walipaka kuta, wakapaka miguu ya vitanda, wakapaka mawe ya bustani na shina la mpapai. Wagonjwa wenye vidonda vya mgongoni walipumua ile rangi wakatapika, na matapishi yalipofutwa, palipofutwa pakapakwa.

Kisha Mkurugenzi akapita kitanda kwa kitanda na kipande cha chaki. Aliinama, akanusa, akasikiliza, akamtazama mgonjwa mashavu. Anayenuka, msalaba kwenye ubao wa kitanda. Anayeugua kwa sauti, msalaba. Aliyekonda kiasi cha kutia simanzi, msalaba. Walipatikana sita. Mbaraka alipata miwili, mmoja wa kuugua na mmoja wa kujibu.

"Bwana mkubwa," alikuwa amemwambia, "hiyo chaki ukimaliza niachie, nikuchore na wewe. Unanuka kuliko mimi, ila wewe umejipulizia."

Saa hiyohiyo walibebwa. Wakapelekwa stoo nyuma ya jiko, wakalazwa juu ya magodoro ya zamani katikati ya magunia ya unga na ndoo za rangi. Kidawa alimfuata Mkurugenzi mpaka ofisini, kanga imemvuka begani.

"Umemtupa kaka yangu stoo!"

"Kutupa? Mama, chunga ulimi." Bwana Mtimbwa aliumia kweli, alishika kifua. "Kaka yako amehifadhiwa. Tunahifadhi vile tunavyovithamini."

Kwenye vitanda vilivyobaki wazi walilazwa mashemeji wa Mkurugenzi na waimbaji wanne wa kwaya, watu walioshiba, nywele zimechanwa, ngozi zinang'aa mafuta. Waliambiwa walale kama mahututi.

"Mahututi kiasi gani?" aliuliza shemeji mmoja, mkono kwenye kitambi.

"Kiasi. Kama mtu aliyetoka kula, anamshukuru Mungu."

Na kwa vile Kidawa alijulikana ni mpishi, na wageni wanakuja, Mkurugenzi akampa aproni. Alitaka kumrushia usoni. Lakini jiko lilikuwa linapakana na stoo, ukuta mmoja tu, na kutoka jikoni aliweza kumsikia Mbaraka. Akaivaa.

*

Waliwasili na magari kumi na moja. La kumi na moja lilibeba kiti cha Mwenyekiti peke yake, maana Mheshimiwa Shomari Lukwele, Mwenyekiti wa Kamati ya Taifa ya Kuthibitisha Mwisho Bora, hakalii kiti cha mtu. Bendi ya matarumbeta ilipiga kutoka getini mpaka hemani. Mheshimiwa alikuwa mtu wa duara. Alishuka garini kwa awamu.

"Ndugu wananchi," alihutubia, "na ninyi mnaoelekea kuacha kuwa wananchi!" Makofi. "Kufa ni haki ya kila raia. Lakini kufa ovyo ni uzembe, na serikali hii haitavumilia uzembe! Wenzetu wa ng'ambo wanakufa kwa utaratibu. Sisi tumekosa nini? Nasema, tumekosa nini?" Hakuna aliyemwambia. "Tulikuwa na tatizo la maumivu. Leo maumivu yako wapi? Nimepita wodini, nimeona nyuso zinang'aa. Nimemuuliza mgonjwa mmoja hali yake, akanijibu anasikia njaa! Mgonjwa wa kufa, anasikia njaa! Huo ndio ubora!"

Alipima mapazia kwa futi ya fundi cherehani. Alinyoosha picha ambayo ilikuwa imenyooka, ikapinda, wakapiga makofi. Alipitisha kidole kwenye simu, hakikupata vumbi. Mwisho akafika kwenye kabati. Akahesabu mara tatu, midomo inacheza.

"Sitini. Mwaka jana zilikuwa ngapi?"

"Sitini, Mheshimiwa."

"Na mwaka juzi?"

"Sitini, Mheshimiwa."

Akatoa kitambaa, akafuta machozi. Naapa alilia. "Uadilifu," alisema. "Huu ndio uadilifu."

Nyuma ya ukuta Mbaraka alikuwa amepitiliza kuugua, alikuwa anatoa mlio mmoja mfupi, mfupi, kama bawaba isiyo na mafuta. Bendi iliufunika. Kidawa alipakua nyama huku meno yake yameumana.

Maana baada ya kuhesabu walikula. Walikula mbuzi watatu. Mheshimiwa alipenda maini, figo na ule mfupa wenye ute. Alifyonza mfupa mpaka ukapiga filimbi, mafuta yakamtiririka kwenye viwiko, akayalamba yasipotee. Alikula akaongezewa. Alicheua, akaomba radhi kwa bendera, akaongezewa tena. Wakaguzi wenzake waliweka vipande vya nyama kwenye mifuko ya makabrasha, na makabrasha, mle ndani, yakaanza kulowa. Nzi walikuja kwa wingi, na hata wao walionekana wamechoka kutazama.

Ndipo jongo, maradhi ya viungo ya walaji nyama, likamkamata Mheshimiwa.

Lilimkamata kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kwanza alisema "eh". Kisha akapiga ukelele ambao ng'ombe wa bonde la pili waliuitikia. Alijitupa kitini, kiti chake mwenyewe, viatu vikaruka, akamwita mama yake, akamwita mganga wake, akasema anakufa, serikali inakufa, afanyiwe kitu sasa hivi, sasa hivi, sasa hivi!

"Fungueni kabati!" alilia Mkurugenzi. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Alikimbia, mapazia yakapepea. Lakiri ikakatika, kak! Nesi Tumsifu akaja na kijiko. Mheshimiwa alimeza kimoja, akadai cha pili, akashika mkono wa nesi akajimiminia cha tatu.

Kidawa alikuwa amesimama na upawa wake. Alikuwa mtu wa jiko, muda aliupima kwa jiko. Kuanzia ukelele mpaka dawa imeshuka kooni, chapati isingewahi kugeuzwa. Wiki nzima kaka yake aliuma taulo.

Akalitazama lile kabati kwa mbali, chupa hamsini na tisa, na akili yake ikamrudia. Miaka thelathini yote, sufuria liliporudi limejaa, hakuwahi kusema leo nimepika vizuri. Alisema watoto hawakula, akaenda kutafuta kulikoni. Sufuria zuri ni lile linalorudi limekombwa. Na yeye, mpishi mzima, alisimama mbele ya kioo akashangilia sufuria lililojaa!

Alimfuata Tumsifu kando ya hema.

"Hiyo chupa mkononi imeshafunguliwa?"

"Imeshafunguliwa, shangazi."

"Lakiri imeshakatika?"

"Si umeona."

"Nusu nyota imeanguka?"

"Kwa Mheshimiwa haianguki."

"Basi inasubiri nini? Kadi unazo?"

Kadi zilikuwa mfukoni, zote sita. Nesi alizigusa kama anayegusa kaa la moto. Akamtazama Mkurugenzi, ambaye alikuwa amepiga magoti anampulizia Mheshimiwa kidole. Akazitoa kadi. "Twende," alisema. "Jangwani si nasikia kuna hewa nzuri."

*

Stoo ilikuwa giza na harufu ya unga na mkojo. Tumsifu alipiga goti kwa kila mmoja, akasoma kadi karibu na mlango penye mwanga, akapima kijiko sawasawa na alivyoandika daktari, si zaidi si pungufu. Kijiko hakikumwaga hata tone. Mbaraka alikuwa wa mwisho, kwa sababu alikataa kutangulia.

"Kichungu," alisema alipomeza. "Kichungu kama salamu za shemeji yako."

"Kunywa maji, unyamaze."

"Na hayo matarumbeta yao, nitalala saa ngapi?"

Bendi ilikuwa inapiga kwa nguvu zote hatua ishirini tu kutoka pale, ngoma inatikisa vumbi la unga kutoka darini. Dakika zikapita. Uso wa kaka yake ulianza kulegea, makunyanzi ya paji yakajifungua moja moja, lakini kila ngoma ilipopiga macho yalishtuka.

Kisha bendi ikakatika katikati ya wimbo.

Mheshimiwa alikuwa amelala. Vijiko vitatu juu ya mbuzi watatu, nani asingelala? Amelala kitini, kinywa wazi, mguu juu ya mto. Na katika nchi ile, kama hamkujua, kumwamsha Mheshimiwa ni kosa la jinai. Mpiga ngoma alibaki fimbo hewani. Redio ya wodini ikazimwa. Madereva walisukuma magari kwa mikono ili yasiungurume. Mkurugenzi alisimama mlangoni, kidole mdomoni, akiwatishia ndege. Waimbaji wa kwaya vitandani walizuia hata kupumua. Nyumba ya Kitulizo, kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, ilikuwa kimya.

Na katika kimya kile, juu ya godoro lililopasuka, katikati ya magunia, Mbaraka mpiga bendera akalala. Alilala kama watu wanavyolala: mdomo umeachia, mkono mmoja chini ya shavu, akikoroma kidogo. Kidawa aliketi akamfukuzia nzi kwa upindo wa kanga kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Hakulia. Aliogopa angetoa sauti.

Alipoamka alimtazama dada yake.

"Umezeeka, Kidawa."

"Na wewe je?"

"Mimi nina sababu, nakufa. Wewe unajizeekea bure." Akajinyoosha, taratibu, kama asiyeamini kwamba mgongo ni wake. "Na ule ugali wako wa shule. Miaka yote sikukuambia. Ulikuwa na mabonge."

"Mbaraka!"

"Ulikuwa na mabonge. Watoto walikuwa wanakuogopa tu. Haya, nipe chai."

Tumsifu aliificha chupa ndani ya gunia la unga, na kila baada ya saa nne alikwenda "kuangalia unga". Mbaraka alifariki siku ya tatu, asubuhi, mkono wake kwenye mkono wa dada yake, hakuna taulo mdomoni.

*

Ripoti ya Kamati ilikuwa ya kurasa tisini. Ilisema Mwenyekiti ameujaribu ubora wa Kitulizo kwa mwili wake mwenyewe, na kwamba hajawahi kuona mgonjwa akihudumiwa haraka vile. Nyota tano hazikutosha, ikabuniwa ya sita. Ilipendekezwa kila nyumba ya shufaa iwe na chupa moja ya wazi kwa ajili ya wakaguzi watakaougua kazini. Ile iliyopungua Mkurugenzi aliijazia pengo kwa chupa ya sharubati, zikawa sitini.

Kidawa alizika, akakaa matanga, akaondoa matanga. Siku ya pili yake alikuwa getini Kitulizo, amesimama kwa miguu yake miwili. Kila ndugu aliyemleta mgonjwa alimshika mkono.

"Usiwaulize nyota. Waambie wakuonyeshe chupa tupu. Kama hakuna chupa tupu, hakuna aliyetibiwa. Geuza gari."

Neno hilo likatembea. Lilifika nyumba ya pili, ya tatu, mji wa pili. Watu wakaanza kuingia nyumba za shufaa wakipita kabati bila kulitazama, wanauliza, samahani, chupa tupu mnaweka wapi? Wakurugenzi wakaanza kutokwa jasho. Idara ya Ubora wa Mwisho ikakaa kikao cha siku nne, na siku ya tano ikatoa waraka: kuanzia sasa, ubora wa nyumba ya shufaa utapimwa kwa wingi wa chupa tupu.

Kidawa aliusoma waraka ukutani pa soko, akaona amekwisha kuwashinda. Alitembea mpaka Kitulizo kwa mara ya kwanza bila kununa. Ukaguzi ulikuwa saa nane siku hiyohiyo.

Nyuma ya jiko, kwenye karo la kuoshea vyombo, mtunza stoo aitwaye Bakilana alikuwa ameinama. Pembeni yake kreti. Alikuwa anashika chupa, anakata lakiri, anaigeuza. Dawa ilikuwa inashuka kwenye mfereji, inachanganyika na maji ya ukoko, inakwenda zake. Chupa ishirini na mbili zilikuwa zimesimama ukutani, tupu, zinang'aa. Kutoka dirisha la wodi mtu alikuwa anaugua, na Bakilana alikuwa anapiga mluzi.

Kidawa alitema mate chini. Alitaka kumtukana, akakosa tusi la kutosha. Alimshika kifundo cha mkono kwa ule mkono wa mwiko.

"Nani kakutuma?"

"Mkurugenzi, bi mkubwa. Niachie, unaniumiza."

"Kakwambiaje? Neno kwa neno."

"Kasema kufika saa sita nataka chupa zote tupu."

"Kasema umwage karoni?"

Bakilana akafikiri. Kufikiri kulimchosha usoni. "Karo hakulitaja."

"Basi una kosa gani nikikukingia?" Akaingia jikoni, akachukua sufuria jipya lenye kifuniko, akalichemshia maji, akalisuuza, akalikausha kwa moto, akaliweka mbele yake. "Mwaga humu. Mgongo utapumzika, huhitaji kuinama."

Hilo la mgongo ndilo lililomshawishi. Chupa thelathini na saba zikaingia sufuriani. Ile ya sharubati Kidawa aliijua kwa harufu, akamwacha aimwage.

Tumsifu aliitwa. Alikuja na kadi, safari hii ziko mkononi, si mfukoni. Saa nane kamili, wakati magari yanapanda kilima, wao wawili walikuwa wodini na sufuria katikati yao, mmoja anashika kadi, mwingine kifuniko.

Kitanda cha dirishani sasa alilala mwanamke mmoja, mfinyanzi, vidole vyake virefu vimekunjika juu ya shuka. Alikuwa amelowa jasho. Aliwaona wanakuja, akafungua kinywa kabla kijiko hakijatoka sufuriani.

Ukumbini Mheshimiwa Lukwele alikuwa ameinua chupa tupu kuelekea mwangani. Akaigeuza juu chini. Halikutoka hata tone. Akatoa kitambaa chake, na wote waliokuwapo wakalipuka kwa makofi na vigelegele mpaka vioo vya wodi vikatetemeka.

Yule mfinyanzi akageuza macho. "Wanashangilia nini, dada?"

"Kwamba umetibiwa."

"Wamejuaje?"

"Hawajui," Kidawa alisema, na akamwinulia kichwa. "Kunywa."